Chipu moja ya bayosi isitufanye tutupe kompyuta nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa huku Kisumu tunakutana nalo kila mara na halisemwi. Kompyuta nzima nzima zinaishia kwa watu wa skrepa, zinapimwa kwa kilo, sababu ni chipu moja ndogo ya miguu minane. Mtu anakuja na laptopu, zile ThinkPad na HP za eks-UK tulizozoea, ukibonyeza pawa taa inawaka, feni inazunguka kidogo, kioo kinabaki cheusi, na tayari huko alikotoka ameshaambiwa ati bodi imekufa atafute ingine. Si kila bodi inayoletwa namna hiyo ni nzima, kuna zenye zimeingia maji, kuna zimeungua kweli. Lakini nyingi ninazofungua shida iko kwa bayosi peke yake, ile programu ya kwanza inayoamsha kompyuta, stima ilipotea katikati ya apdeti ama kuna mtu aliflashi, yaani aliandika kwa chipu, faili isiyokuwa ya mashine hiyo. Bodi nzima inauzwa maelfu ya shilingi, chipu yenyewe haifiki hata nauli ya kutoka hapa kwenda Nairobi, unapigia mtu wa Luthuli Avenue simu anakutumia na basi ya usiku asubuhi unaenda kuichukua stage.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kama fundi ameshafika mahali pa kuinua hiyo chipu, asirudishe ya saizi ile ile, aweke kubwa, halafu mwenye mashine aulizwe kama anataka programu huru ya kuwashia kompyuta badala ya ile ya kiwanda, na hata akikataa lazima apewe nakala ya vile vitu vyake vilivyokuwa kwa chipu ya kwanza. Hii kazi inawezekana hapa hapa, si ya Nairobi wala ya ng'ambo, na shule zetu za ufundi zinafaa kuifundisha.

Kwa wale hawajawahi kuiona, chipu ya bayosi ni kile kidude cheusi cha mraba hivi, miguu minne upande huu na minne upande ule, na kona moja ina kidoti kidogo kinachoonyesha mguu nambari moja. Juu yake utasoma Winbond ama Macronix ama jina lingine, na chini ya hilo jina kuna nambari. Hapo ndipo watu wengi wanakwama. Ukiona W25Q64 usidhani ni megabaiti 64, hiyo ni megabiti, unagawa kwa nane unapata megabaiti 8. W25Q32 ni 4, W25Q128 ni 16. Nimeshaona mtu akilipishwa "chipu ya mia na ishirini na nane" kama vile ananunua flash disk, na mimi naona huo ni wizi kwa mtu asiyejua.

Sasa kwa nini kubwa? Kiwanda kinaweka chipu inayotosha programu yake na basi. Chukua ThinkPad X230, mashine nzuri sana na zimejaa hapa kwetu, iko na chipu mbili, moja ya 8 na ingine ya 4, na kompyuta inaziona kama kitu kimoja cha megabaiti 12. Lakini hizo 12 si zako zote. Mwanzoni kabisa kuna kilobaiti 4 ambazo ni kama ramani, zinaiambia chipuseti, ile chipu kubwa ya bodi inayounganisha prosesa na vifaa, sehemu gani inaanzia wapi na inaishia wapi. Halafu kuna kilobaiti 8 za neti ya waya, ndani yake iko adresi ya MAC ya hiyo mashine, nambari ya kuitambulisha kwenye neti. Halafu karibu megabaiti 5 zinachukuliwa na ME ya Intel, kijikompyuta kinachoishi ndani ya chipuseti na kufanya kazi chini ya kila kitu, na wewe mwenye mashine huruhusiwi kusoma kinafanya nini. Bayosi yenyewe inabaki na kama 7. Mashine za zamani zaidi ni mbaya kuliko hiyo, X200 zingine ziko na megabaiti 4 tu, na desktopu za bodi kama ile Gigabyte ya G41 utakuta megabaiti moja.

Ukitaka kuweka coreboot nafasi ndio inakuwa kila kitu. Coreboot kwa wasioijua ni programu ya kuwashia kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi, ilianzishwa 1999 na Ron Minnich pale maabara ya Los Alamos huko Marekani, wakati huo ikiitwa LinuxBIOS, jina likabadilishwa 2008. Si kitu cha watoto wa kuhaki vile wengine wanafikiria, Chromebook za Google zinawaka na hiyo hiyo. Libreboot nayo imejengwa juu ya coreboot, inakuja ikiwa tayari imeandaliwa kwa mashine fulani fulani, kwa hivyo kwa fundi anayeanza ni rahisi zaidi. Coreboot yenyewe ni ndogo, kazi yake ni kuamsha ramu na vifaa, halafu inamwachia mwingine aendelee, na huyo mwingine ndiye anakula nafasi. SeaBIOS, inayofanya kazi kama bayosi ya kawaida, ni nyepesi inatoshea popote. GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, inataka zaidi. Lakini ukiwa na megabaiti 16 unaweza kuweka kernel ya Linux yenyewe, yaani kiini cha mfumo, ndani ya chipu pamoja na vifaa vichache vya kuokoa mashine, maana yake hata hadi-diski ikifa kompyuta bado inawaka, inakuonyesha skrini, unaweza kupima ramu, unaweza kuvuta mfumo kutoka kwa seva kupitia waya. Hebu fikiria maabara ya shule ya sekondari huko Nyakach ama Butere ambapo diski za mashine nusu zimeharibika na hakuna bajeti ya kununua zingine. Hizo mashine zinaweza kufanya kazi bila diski!

Na kuna lingine dogo lakini linaumiza watu. X230 na dada zake bayosi ya kiwanda inakataa kadi ya wifi isiyo kwenye orodha yake, unaweka kadi nzuri ya kasi uliyonunua na pesa yako mashine inagoma kuwaka inakuandikia eti kadi hairuhusiwi. Coreboot haina hiyo mambo.

Kazi yenyewe nataka niielezee kidogo kwa sababu mafundi wenzangu wengi wanaiogopa bure na wengine wanaifanya vibaya. Toa chaja, toa betri kubwa, toa na ile ndogo ya saa. Kabla ya kuinua chochote soma kilicho ndani ya chipu. Kuna klipu ya kubana miguu minane bila kutoa chipu, ni nzuri lakini stima ya programa, kile kifaa cha kusoma na kuandika chipu, inavuja kwenda kwa bodi nzima, chipuseti inaanza kuamka nusu nusu na unachosoma kinakuja kimeharibika, ndio maana unasoma mara mbili, ukiweza tatu, halafu unalinganisha faili kwa sha256sum, programu inayotoa alama ya kipekee ya kila faili, zikitofautiana hata kidogo hauna nakala. Programa yenyewe wengi tunatumia CH341A, ile nyeusi ya bei rahisi, na hapa nataka kila anayesoma asikie vizuri: ile nyeusi inatoa volti 5 kwa nyaya za data hata kama chipu inapewa 3.3, na chipu hizi za 3.3 mwisho wake ni 3.6. Pima na mita kabla ya kuigusisha kwa mashine ya mtu. Kuna namna ya kuirekebisha, ama tumia Raspberry Pi ambayo pini zake ni za 3.3 toka mwanzo. Na kwa mashine mpya mpya kuna chipu za volti 1.8, hizo bila adapta yake utazichoma tu.

Kuinua, mimi naongeza kwanza solda ya risasi kwenye miguu yote, kwa sababu ile ya kiwanda isiyo na risasi inayeyuka kuanzia digrii 217, yenye risasi ni 183, zikichanganyika zinalegea mapema na haupigi bodi moto mrefu. Flaksi ya kutosha, ile dawa ya kusaidia solda itiririke. Funika soketi za plastiki zilizo karibu na ile tepu ya kahawia ya kuzuia joto. Bloa ya hewa moto ikiwa kama digrii 350, unazungusha, hausimami mahali pamoja, na hauvuti chipu kwa nguvu, ukiona imeanza kuteleza yenyewe ndipo unainua na kibano. Wanaovuta kwa haraka ndio wanang'oa pedi, kile kipande cha shaba ambacho mguu unashikilia, na pedi ikitoka hapo ndipo sasa bodi inakufa kweli. Chipu mpya upana wake uwe sawa na ya zamani, kuna mwili wa karibu milimita 5 na kuna mwembamba wa karibu 4, hizi za megabaiti 16 mara nyingi ni za mwili mpana kwa hivyo angalia kabla ya kuagiza. Kidoti kiangalie pale pale cha kwanza kilipoangalia. Ukigeuza, mguu wa stima na wa ardhi unabadilishana na chipu inaungua dakika hiyo hiyo.

Sasa hapa ndio kuna siri ya kazi, na ndipo wengi wanarudi kusema "hii chipu kubwa haikubali". Hauwezi kuchukua faili ya megabaiti 8 ukaimwaga kwa chipu ya 16 ukategemea iwake. Prosesa ikipata stima inaenda moja kwa moja kusoma baiti 16 chini ya mwisho wa gigabaiti 4, na bodi imepanga kwamba mwisho wa chipu ndio unaangukia hapo. Kwa hivyo bayosi lazima ikae MWISHO wa chipu. Ukimwaga faili ya 8 mwanzoni mwa chipu ya 16, prosesa inafika mwisho inakuta patupu, kioo cheusi tena na mteja anakuangalia. Kwa bodi ambazo hazina ile ramani ya Intel inatosha kusukuma faili hadi mwisho na kuacha nusu ya kwanza tupu. Kwa zenye ramani, yaani laptopu nyingi za Intel, ramani inabaki mwanzoni, bayosi inaenda mwisho, na ramani yenyewe lazima irekebishwe iseme chipu sasa ni ya ukubwa gani na sehemu ya bayosi inaishia wapi. Coreboot inakuja na kifaa kinaitwa ifdtool kinachofanya hiyo kazi, kutoa ramani, kubadilisha ukubwa, kupanga sehemu upya. Haichukui muda ukishaelewa. Kwa X230 watu wengi hutoa tu ile ya 4 wanaweka ya 8, jumla inakuwa 16.

Na kwa nini tunasimama hapo kwa 16 na si 32 ama 64, maana chipu za hivyo zipo? Ni kwa sababu amri za kawaida za kusoma chipu hizi zinatumia adresi ya biti 24, na biti 24 zinafika megabaiti 16 haswa, zaidi ya hapo inabidi adresi ndefu ambazo bodi nyingi za zamani hazijui kuzitumia. Fundi akikuambia atakuwekea 32 kwa laptopu ya 2012 muulize vizuri.

Sasa nifike kwa kilichonifanya nikaandika. Kuna shule moja upande wa Nyakach, mwalimu wa kompyuta aliniita nikaangalie intaneti yao inakatika katika. Mashine kadhaa zilikuwa zimepelekwa kwa duka moja hapa mjini baada ya kugoma kuwaka, zikarudi zinawaka, wakalipa, wakashukuru. Nikakuta mashine zote zilizopitia kwa hilo duka zina adresi moja ya MAC na nambari moja ya kiwanda. Aliyezitengeneza alichukua faili moja akaimwaga kwa zote, hakusoma chipu za kwanza, hakuweka nakala, na chipu za zamani alizitupa. Swichi ya neti haijui impelekee nani, mashine hii ikiingia ile inatolewa, watoto wanadhani intaneti ni mbaya. Na kwa zile zilizokuja na Windows 8 leseni yake inakaa ndani ya hiyo hiyo chipu, nayo ikaenda. MAC tuliweza kuzirudisha kwa sababu kwa laptopu nyingi imeandikwa kwa karatasi chini ya mashine ama chini ya ramu, tukaziandika upya kwenye ile sehemu ya kilobaiti 8. Leseni hazikurudi. Yule mwalimu alikuwa mpole sana lakini mimi nilikasirika na bado nimekasirika, kwa sababu kusoma chipu kabla ya kuifuta ni dakika chache tu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nakala ya chipu ndiyo daftari lenyewe. Mteja yeyote anayesoma hii barua, ukipeleka mashine ibadilishwe bayosi dai faili yako ya kwanza kwa flash disk kabla ya kulipa. Ni haki yako.

Nisije nikaonekana nauza ndoto, kuna mashine hazitakubali. Kuanzia kizazi cha nne cha Intel, 2013 kuja mbele, kiwanda kikitaka kinaweza kufunga bodi na kitu kinaitwa Boot Guard, prosesa inakagua sahihi ya kiwanda kabla ya kuwaka, ukiweka kitu kingine haiwaki hata ungeweka chipu kubwa namna gani. Si bodi zote za wakati huo zimefungwa, ThinkPad T440p kwa mfano iko wazi, lakini nyingi zimefungwa. Kwa hivyo kabla ya kufungua hata skrubu moja angalia kama bodi yako iko kwenye orodha ya coreboot. HP EliteBook 8470p iko, Folio 9470m iko, X220 iko. Desktopu za ASUS za miaka ya 2011 na 2012 nyingi chipu imekaa kwa soketi, hauhitaji hata solda, unachomoa na mkono.

Najua kuna watakaosema tukifundisha vijana hii kazi wataweka virusi kwa kompyuta za watu ama watafungua laptopu za wizi. Mwenye nia hiyo programa anainunua leo bila kufundishwa na mtu. Chipu hizi zina mguu wa kuzuia kuandikwa, Chromebook za zamani zilitumia skrubu kabisa, ukiitoa ndio unaweza kuandika, hiyo ni ulinzi mwenye mashine anaweza kuuona na kuugusa. Msimbo ulio wazi unaweza kusomwa na yeyote, wa kiwanda hausomwi na mtu. Na kuhusu wizi, mimi mashine isiyo na risiti ama barua ya shule siigusi, naomba kila fundi afanye hivyo.

Sheria ya usimamizi wa taka ilipita 2022 na kila siku tunasikia habari ya taka za elektroniki, lakini taka ya kwanza kuzuia ni ile mashine inayoweza kuwaka kesho. Vijana wanaokuja kwangu kwa atachimenti kutoka poly na vyuo vya hapa, kutoka Kakamega na hata Nakuru, wanajua kuweka Windows, kubadilisha ramu na kubana printa, hawajawahi kushika programa wala kuona ndani ya faili ya bayosi kunakaaje. Si makosa yao, hakuna aliyewaonyesha. Programa na klipu si vitu vya tenda kubwa, bloa ziko kwa kila karakana ya simu pale Kondele, coreboot na flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, ni bure. Kinachokosekana ni mtu kuliweka kwa masomo na kumpa mwanafunzi bodi ya kuharibu.

Bodi zilizokufa kabisa ninazo nyingi kwa kibanda, za laptopu na desktopu, chipu zake zikiwa bado juu. Mwalimu yeyote wa ufundi kutoka poly ama chuo cha kijiji anayetaka wanafunzi wake wazifanyie mazoezi ya kusoma, kuinua na kurudisha, apite azibebe, sitaki pesa, nitamwonyesha na vile ramani ya chipu ya 8 inavyopanuliwa iwe ya 16.

Fundi wa kompyuta,
Kondele, Kisumu